Bei ya Usiku: Habari za Umeme wa Jua Kiwangwa na Mashamba ya Bagamoyo

Kiwangwa ni kata ya wakulima katika wilaya ya Bagamoyo, kando ya barabara itokayo Bagamoyo mjini kwenda Msata. Sifa yake kubwa ni mananasi. Msimu ukifika, mafungu ya mananasi hupangwa kando ya njia, na malori huyapakia kwenda masoko ya Dar es Salaam. Mchana wa mahali hapo una jua tele, kama ulivyo mchana wa sehemu nyingi za Tanzania. Kwa wastani nchi hii hupata baina ya saa 2,800 na 3,500 za jua kwa mwaka, na kila mita moja ya mraba ya ardhi yake hupokea kilowati-saa 4 mpaka 7 kwa siku. Neema hiyo haina dukani wala bandarini. Humwangukia tajiri na maskini kwa kipimo kimoja.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mkulima aliyeshinda chini ya jua hilo kutwa nzima alikaa gizani usiku, au alinunua mwanga hafifu kwa bei kubwa kuliko aliyolipa mwenzake wa mjini kwa mwanga mkali. Sababu ya ajabu hiyo ni kwamba jua halina bei, lakini usiku una bei. Kuukamata mchana, kuuweka akiba na kuutoa jua likishatua ni kazi yenye gharama. Historia ya umeme wa jua mashambani ni historia ya namna gharama hiyo ilivyogawanywa vipande vipande, na ya nani aliyeibeba.

Umeme wa kwanza kwa matumizi ya umma katika Tanganyika ulifungwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Bagamoyo, uliokuwa makao makuu ya utawala wao hadi 1891, ulikuwa umekwisha kupokonywa cheo hicho, na pamoja na cheo ukapoteza haki ya kuhudumiwa mwanzo. Mwaka 1931 Waingereza waliitoa kazi ya umeme mikononi mwa serikali wakayapa makampuni mawili, DARESCO na TANESCO. Kampuni hufuata faida, na faida ya siku zile ilikuwa katika miji, katika bandari na katika mashamba ya mkonge. Maporomoko ya Pangani yalianza kutoa umeme mwaka 1936, wakati Tanga ilikuwa nchi ya mkonge. Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ilinunua hisa za umeme, na mwaka huo huo kituo cha Hale kilianza kazi. Nyaya kuu zilitandazwa kutoka Hale kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze.

Hivyo wakulima wa nyuma ya Bagamoyo waliuona umeme ukipita juu ya vichwa vyao miaka mingi kabla ya kuingia nyumbani mwao. Haikuwa lazima pawe na hila ya mtu. Umeme wa nyaya kuu una msukumo wa volti 132,000, nao hauwezi kuwasha taa ya mtu mpaka upunguzwe nguvu kwa vituo na transfoma, kisha upitishwe katika nguzo na nyaya ndogo hadi mlangoni. Nyumba za mashamba zimetawanyika. Baina ya mlango na mlango kuna nguzo nyingi. Malipo ya taa mbili tatu hayarudishi gharama ya nguzo hizo kwa miaka mingi. Aliyekaa mbali na mwenzake alilipa kwa giza kosa la kukaa mbali.

Mahali pa umeme palishikwa na mafuta ya taa. Maskini aliwasha kibatari, kikopo chenye utambi na moshi mwingi. Aliyejiweza kidogo aliwasha kandili. Mwenye duka au mwenye sherehe alipampu karabai. Mwanga wa kibatari ulikuwa dhaifu, moshi wake uliumiza macho na kifua, na moto wake ulikuwa hatari katika nyumba ya makuti. Lakini mafuta ya taa yalikuwa na fadhila moja ambayo wataalamu wengi hawakuiona mapema: yaliuzwa kwa kipimo kidogo. Mtu mwenye senti chache alikwenda dukani na chupa yake akarudi na mwanga wa usiku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba ndiyo namna maskini anavyonunua karibu kila kitu: chumvi, sukari, sabuni na mwanga. Chombo chochote kilichotaka kukiondoa kibatari kilipaswa kwanza kuijifunza fadhila hiyo.

Chombo cha kugeuza mwanga kuwa umeme kilichelewa sana kuijifunza. Mfaransa Edmond Becquerel aliona mwaka 1839 kwamba mwanga waweza kuzaa umeme. Mwaka 1954, katika maabara ya kampuni ya Bell huko Marekani, Chapin, Fuller na Pearson walionyesha paneli ya silikoni iliyogeuza kiasi cha asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Miaka minne baadaye paneli kama hizo zilirushwa angani katika setilaiti ya Vanguard 1. Bei yake ilikuwa bei ya mambo ya anga. Hata mwaka 1977 wati moja ya paneli iligharimu zaidi ya dola 70 za Marekani, na kwa bei hiyo paneli ya kuwasha taa nne za nyumba ingemshinda mkulima wa mananasi maisha yake yote. Basi kwa muda umeme wa jua katika Afrika ulikuwa mali ya misheni, ya zahanati zilizohifadhi chanjo katika majokofu, na ya mitambo ya simu.

Mabadiliko katika Afrika ya Mashariki yalianzia Kenya. Katika miaka ya kati ya 1980, Wamarekani wawili, Harold Burris aliyekuwa mhandisi na Mark Hankins aliyekuwa mwalimu, walishirikiana kufunga umeme wa jua katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, karibu na Mlima Kenya, mahali pa jenereta iliyokuwa inakusudiwa kununuliwa. Mafundi wa hapo walifundishwa kazi, na wakulima wa kahawa na chai wakaona kwa macho yao. Wengi wao walikuwa tayari na betri ya gari nyumbani, ambayo waliitumia kwa televisheni, na kila ilipoisha nguvu waliipakia kwenye baiskeli au basi kuipeleka mjini kuchajiwa. Paneli iliwaondolea safari hiyo. Haikuuzwa kama ukombozi wa dunia. Iliuzwa kama mtumishi wa betri. Kabla ya mwisho wa karne ya ishirini, zaidi ya nyumba 100,000 za Kenya zilikuwa na umeme wa jua, na sehemu kubwa ya vyombo hivyo ilinunuliwa kwa fedha taslimu za wenyewe. Lakini hao walikuwa wakulima wenye mazao ya fedha. Walio chini yao walibaki na kibatari.

Tanzania ilifuata kwa mwendo mwingine. Bara halikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na redio ndogo ilitosheka na betri za kununua dukani. Kilichozua haja mpya ya umeme vijijini kilikuwa simu ya mkononi. Ilipoenea katika miaka ya 2000, mtu aliweza kuwa na simu bila kuwa na pa kuichaji. Aliipeleka kwa mwenye duka mwenye paneli au jenereta, akalipa kila mara. Hivyo kijiji kilijifunza kununua umeme kwa vipande, kama kilivyonunua mafuta ya taa.

Mambo manne yalifuatana kwa karibu, kila moja likiwa na sababu yake. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania iliondoa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani katika vifaa vikuu vya umeme wa jua; na mwaka huo ilitungwa sheria iliyozaa Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi 2007. Mwaka 2008 M-Pesa, iliyozaliwa Kenya mwaka uliotangulia, iliingia Tanzania, na fedha ikaweza kusafiri bila miguu. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa. Kusudi halikuwa kusaidia jua. Lilikuwa kukomesha uchakachuaji, yaani desturi ya kuchanganya mafuta ya taa katika dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi. Mchakachuaji aliumia, lakini pamoja naye aliumia bibi kizee wa kibatari, ambaye hakuwahi kumiliki lori. La nne lilikuwa kushuka kwa bei ya paneli katika dunia, pamoja na kuenea kwa balbu za LED ambazo kwa wati tatu hutoa mwanga ambao zamani ulihitaji wati ishirini au zaidi.

Ndipo yakatokea makampuni yaliyoelewa fadhila ya kibatari. Kenya, M-KOPA ilianza biashara mwaka 2012: mnunuzi alitoa kianzio, kisha akalipa kiasi cha shilingi 40 za Kenya kwa siku kwa simu yake mpaka deni likaisha. Arusha, kampuni ya Off Grid Electric ilianza kazi kama hiyo katika miaka hiyo hiyo. Asiyelipa hakufuatwa na dalali. Chombo chenyewe kilijifunga, taa zikazimika, mpaka malipo yakaingia. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kiasi cha theluthi moja ya kaya zote za Tanzania Bara zilikuwa na umeme, na kwamba vijijini, karibu kaya mbili katika kila kaya tatu zenye umeme ziliupata kwa jua. Kazi ambayo nguzo hazikuifanya kwa miaka zaidi ya mia, malipo madogo yaliifanya kwa miaka michache.

Sifa hiyo ni ya haki, lakini yafaa ipimwe. Mfano mmoja watosha. Mathalani mkulima alipe shilingi 500 kwa siku kwa mwaka mzima, apate chombo kidogo kimpacho wati-saa 50 kila siku. Katika mwaka wa deni atakuwa amelipa shilingi 182,500 kwa uniti 18 na robo za umeme, yaani shilingi 10,000 kwa uniti moja. Mtumiaji mdogo wa TANESCO, katika bei iliyowekwa kwa wanyonge, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Tofauti ni mara mia. Chombo kikidumu miaka miwili, bei ya uniti hushuka kuwa 5,000. Kikidumu miaka mitano, 2,000. Ni kweli kwamba bei ya TANESCO haihesabu gharama ya kuunganishiwa wala ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba, na ni kweli pia kwamba mkulima huyo hakulinganisha chombo chake na TANESCO asiyokuwa nayo, bali na kibatari alichokuwa nacho. Lakini hesabu yafunua siri moja: bei ya umeme wa jua haiandikwi siku ya kununua. Huandikwa na umri wa betri.

Na umri wa betri huamuliwa na mambo madogo ya kila siku. Kiwangwa iko nyuzi sita na zaidi kusini mwa ikweta. Kwa hiyo paneli yafaa ielekee kaskazini, kwa mteremko wa kutosha mvua kuiosha vumbi. Ikifunikwa na kivuli cha mwembe, hata kwa pembe moja tu, hupoteza nguvu nyingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali la saa tano hutoa wati-saa 250, na baada ya hasara za njiani mwenye nyumba hubaki na kama 165. Taa nne za wati tatu kwa saa tano hula 60. Redio hula 30. Simu mbili 16. Televisheni ndogo kwa saa tatu 45. Hazina karibu imekwisha. Pasi ya wati 1,000 ingeila yote kwa dakika kumi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600, lakini ikikaushwa kila usiku kupita nusu yake hufa mapema. Kisha huja masika, baina ya Machi na Mei, ambapo mawingu hukaa siku nyingi mfululizo. Wakati huo mtoto bado ana kitabu cha kusoma, na simu bado yataka chaji, na betri huchotwa mpaka chini. Nyumba nyingi zilizotumia betri za gari, ambazo zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika chache na si nguvu kidogo usiku kucha, zilizika betri zao baada ya masika moja au mbili.

Juu ya hayo kuna bidhaa hafifu. Paneli iliyoandikwa wati 50 na kutoa 30, betri isiyo na umri, waya mwembamba unaopoteza umeme njiani, vyote hufanana dukani na bidhaa njema. Mnunuzi hana kipimo mkononi. Hujua kweli baada ya fedha kuondoka. Kisha huja kishoka, fundi asiye na cheti, aunganishaye betri moja kwa moja na taa bila kidhibiti chaji. Umeme wa jua ulichafuliwa jina na mambo hayo kuliko na udhaifu wake wenyewe.

Dawa ya kweli ilijulikana tangu Karamugi: fundi akae kijijini. Chuo cha Barefoot, kilichoanzishwa Tilonia nchini India mwaka 1972, kiliifuata njia hiyo mpaka mwisho wake. Kilichukua wanawake watu wazima wa vijijini, wengi wasiojua kusoma, wakiwemo wa Zanzibar, kikawafundisha kufunga na kutengeneza vyombo vya jua kwa rangi, kwa ishara na kwa mikono. Baadaye kituo cha mafunzo kama hayo kilifunguliwa Kinyasini, Unguja. Bibi mwenye wajukuu hahami kwenda mjini na cheti chake. Taa ikizimika, yupo.

Habari ya deni nayo si ngeni katika nchi ya Bagamoyo. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliondoka pwani kwa mali kauli: vitambaa, ushanga na waya vilikopeshwa na matajiri wa Zanzibar na wa Bagamoyo, kama Sewa Haji, na vikalipwa kwa pembe za ndovu miezi au miaka baadaye. Mkopeshaji wa zamani alijua kwamba msafara una msimu wake. Mkopeshaji wa sola alihesabu siku. Mkulima wa mananasi hupanda akangoja zaidi ya mwaka kabla ya tunda la kwanza, na mavuno yakija huja kwa wingi mara moja, bei ikiwa imeanguka kwa sababu kila mmoja ana mananasi. Fedha zake huja kwa msimu, deni lake huja kwa siku. Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo walivyosema wazee. Chombo kijifungacho katika mwezi wa njaa humzimia taa mtu ambaye angeweza kulipa yote katika mwezi wa mavuno. Mkopo unaofuata kalenda ya shamba haupunguzi haki ya mkopeshaji. Hupunguza giza la mkopaji.

Nguzo nazo hazikusimama pale pale. Mwaka 2013 serikali ilishusha ada ya kuunganishiwa umeme vijijini kwa nyumba isiyohitaji nguzo, kutoka zaidi ya shilingi 455,000 hadi 177,000, na baadaye katika miradi ya vijijini ada ikawa 27,000. Ada ya 27,000 ilikuwa ndogo kuliko kianzio na deni la vyombo vingi vya jua. Baadhi ya watu waliona paneli zao zimegeuka takataka. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Umeme wa gridi ya Tanzania ulitegemea sana maji ya mito, na ukame uliifanya nchi igawe umeme kwa zamu katika miaka ya 1992 mpaka 1994, 2006 na 2011. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, nalo pia hunywa mvua. Jua hudhoofika wakati wa masika, mito hudhoofika wakati wa kiangazi. Kila mmoja ana nguvu pale mwenzake anapochoka. Serikali ilitambua hivyo ilipoanza kujenga kituo cha umeme wa jua huko Kishapu, mkoa wa Shinyanga, sehemu yake ya kwanza ikiwa ya megawati 50. Paneli juu ya bati la mkulima hufanya kazi ile ile kwa udogo wake.

Linabaki swali zito kuliko yote, nalo ni swali la kazi. Taa iliyoingia Kiwangwa ilimwondolea mtoto moshi na ikamrefushia mama jioni. Hayo si madogo. Lakini wati 50 hazikamui juisi, hazigandishi tunda, haziendeshi pampu ya shamba kubwa. Nanasi lililoiva halingoji. Lisipouzwa leo kesho huanza kuoza, na mchuuzi mwenye lori analijua hilo anapotaja bei. Umeme uwashao taa tu humwezesha mkulima kuona hasara yake vizuri zaidi. Umeme uwezao kukausha, kupoza au kukamua humpa siku chache za kungoja, na aliye na siku chache za kungoja ana neno la kusema sokoni. Umeme huo, uwe wa nguzo au wa paneli nyingi zilizomilikiwa kwa ushirika, ni ghali zaidi kufunga, lakini ni huo tu uwezao kulipa gharama yake kwa mazao.

Akiba haiozi, na betri si kitu kingine ila akiba ya mchana. Nyumba iliyoitunza ilinunua usiku wake kwa bei inayovumilika. Iliyodanganywa dukani, au iliyofungiwa taa katika mwezi wa njaa, iliununua kwa bei ya kibatari na zaidi. Jua liliwapa wote sawa. Tofauti ilitokana na fundi aliyekuwapo, bidhaa iliyopimwa, na deni lililoujua msimu wa nanasi.